Mawazo Sitini na Matatu ya Pedeli Moja

Karakanani walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna sketi ya shule iliyotoka mlangoni kabla hajaigeuza ndani nje na kupitisha ukucha wake kwenye pindo, kutoka mshono hadi mshono. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, macho makali kuliko miwani yake, na mashine ya tatu kutoka dirishani ilikuwa yake kwa miaka kumi na tisa. Uzi unaoning'inia ulimkera kama jino bovu. Chini ya kiti chake hukuti hata kipande cha uzi. Mtu angeweza kutandika hapo akala chakula chake.

Wasichokijua wenzake ishirini na mmoja ni kwamba Bi Pindo alikuwa na jina la pili.

Kampuni iliyotengeneza mashine zao ilikuwa na jukwaa la mafundi, linalofunguliwa kwenye simu. Fundi yeyote aliweza kuandika wazo la kuboresha mashine, na wengine wakalipigia kura. Kila baada ya miezi mitatu, mawazo kumi yenye kura nyingi yaliingia kwenye orodha, na wahandisi wa kampuni walilazimika kuyajibu kwa maandishi, moja moja. Jukwaa lilikuwa na wasimamizi wa kujitolea, na mashuhuri kuliko wote, kwa mwaka wa tano sasa, alijiita Mkasi. Mkasi alikuwa Bi Pindo.

Kazi ya Mkasi ilikuwa kufunga marudio. Fundi akiandika wazo ambalo mwingine aliliandika kabla yake, Mkasi alilifunga, akamwelekeza mwenyewe kwa lile lililotangulia: "Asante. Wazo hili limeshatolewa. Tazama namba fulani." Wazo likishafungwa, kitufe cha kura hutoweka, na anayetaka kupiga kura huenda huko alikoelekezwa. Maneno hayo yalikuwa ya Bi Pindo mwenyewe, aliyatunga kwa makini kama anayekata shingo ya gauni, na kampuni iliyapenda hata ikayaweka tayari kwa wasimamizi wote wayatumie.

Kila siku wakati wa chakula cha mchana alijitia stoo, akakaa juu ya majora ya kitambaa cha buluu, kikombe cha chai kando, akasoma mistari miwili ya kila wazo, akafunga. Siku zilizojaa, sita, saba, kabla kengele haijalia. Aliyafunga kwa raha ile ile ya kukata nyuzi zilizobaki. Kampuni ilimpa beji ya nyota ya dhahabu. Beji yenyewe ilikuwa picha ndani ya simu, lakini nyota ni nyota.

Kisha ikaja Jumatatu ile.

Mashine ya nne, pembeni yake, alikaa Kidoti, binti wa miaka ishirini na minne mwenye doa jeusi juu ya mdomo, na mdomo wenyewe hakuna kifungo kinachoweza kuufunga. Saa nne asubuhi uzi ulijisokota chini ya kola aliyokuwa akiishona. Akafanya kama wafanyavyo wote: akainua mguu wa mashine, ule unaobania nguo, akaingiza kidole auvute uzi. Unyayo wake ulikuwa bado juu ya pedeli. Kiti kikateleza kidogo, unyayo ukazama, mota ikanguruma. Sindano ikapita kwenye ukucha, ikatokea upande wa pili.

Bi Pindo ndiye aliyezima swichi, akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, hadi sindano ikapanda. Kidoti hakulia. Alisema neno moja tu, meno yamekazwa: "Itoeni kola. Ni nyeupe."

Alirudi Ijumaa, kidole kimefungwa bendeji, kimenenepa kama bobini iliyojaa uzi.

"Pole, mwanangu," Bi Pindo alimwambia.

"Nimeshapoa. Kidole hakiniumi sana, mama. Kinachoniuma ni kwamba niliwaambia."

"Uliwaambia akina nani?"

"Hao wa kampuni, kwenye jukwaa lao. Niliandika hivi: mguu wa kubania ukiinuliwa, mota ikatike, hata mtu akanyage pedeli mpaka achoke. Si jambo la ajabu. Niliandika mara mbili. Na mara mbili kuna mtu huko, anajiita Mkasi, akanifungia. 'Asante, limeshatolewa.' Asante gani hiyo? Shukrani ya punda!"

"Labda lilikuwa limeshatolewa kweli."

"Kama limeshatolewa, liko wapi? Mbona sindano haikupata habari?" Mafundi wa karibu wakacheka. "Siku nikimtia machoni huyo Mkasi, nitamnoa kwa mkono wangu."

"Usimnoe," akadakia fundi wa mashine ya tano. "Mtie butu!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Bi Pindo aliinamia mashine yake. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, alishona pindo likaenda mshazari, ikambidi alifumue.

Jumamosi asubuhi, nyumbani, alitandaza mezani karatasi ya kaki ya kuchorea nguo, akashika chaki ya fundi, akaanza kufuatilia. Mumewe, fundi saa, alikuwa dirishani na kioo chake cha jicho moja, amefungua saa ya ukutani ya jirani.

Wazo la kwanza la Kidoti lilikuwa namba 1183. Lilifungwa, likamwelekeza kwa 940. Bi Pindo akachora mshale. Akafungua 940: limefungwa, tazama 611. Mshale. Akafungua 611: limefungwa, tazama 302. "Haya, hili ndilo la kwanza," akajisemea. "Hapa ndipo penye kura." Akafungua 302.

Limefungwa. Tazama 611.

Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa khanga, akaivaa. Tazama 611. Akarudi 611. Tazama 302.

Hapo akakumbuka. Miaka minne iliyopita wazo namba 302 liliandikwa na fundi asiyejua nukta wala mkato. Sentensi moja ndefu kama uzi wa kigurudumu kizima. Baadaye likaja 611, jambo lile lile, limeandikwa vizuri. Mkasi, mpenda mapindo yaliyonyooka, akalifunga la kwanza na kulielekeza kwa la pili. Mwaka uliofuata kampuni ikaleta meneja mpya wa jukwaa, naye akaja na kanuni yake: la zamani ndilo linalobaki. Akalifunga 611, akalielekeza kwa 302, bila kutazama kama 302 liko hai. Tangu hapo kila fundi aliyeleta wazo hilo alitumwa kwa mojawapo, na hayo mawili yakawa kama makarani wawili wa ofisi moja: nenda dirisha lile, rudi dirisha hili. Hakuna aliyeweza kupiga kura. Orodha ilichukua mawazo yaliyo wazi tu. Kwa hesabu ya kampuni, jambo hilo hakuna fundi aliyewahi kulitaka.

Alipomaliza kuchora, mishale ilikuwa sitini na mitatu.

Mumewe alisogea, kioo kingali jichoni. "Kanzu ya nani hii, mke wangu, yenye mikono sitini?"

"Ya mafundi."

Fundi saa akafuata mishale kwa kidole, akafika katikati, akazunguka mara mbili, akaacha. "Saa ikiwa hivi tunasema inatembea lakini haisemi saa. Nani aliyeifunga?"

"Mishale arobaini na minne ni yangu."

Mumewe akaacha mzaha. Akarudi dirishani. Bi Pindo akaanza kuyasoma yote sitini na matatu, na safari hii hakuishia mstari wa pili. Mmoja aliandika: "Mashine isiwe na haraka kuliko mimi." Mwingine: "Naomba kufuli ya pedeli, nina mtoto anayetambaa chini ya meza." Mwingine: "Nimepoteza ukucha, tafadhali msipoteze na barua hii." Chini ya kila moja, safi, iliyonyooka, ilikaa sentensi yake: Asante. Wazo hili limeshatolewa.

Wapo watu wanaoamini kwamba anayesema jambo lililokwisha kusemwa hasemi kitu. Watu hao hawajawahi kukaa upande wa wanaosubiri jibu.

"Utafanyaje sasa?" mumewe aliuliza, bila kugeuka.

"Nimeharibu nguo. Nguo ikiharibika, inafumuliwa."

Orodha ya miezi mitatu ilikuwa inafungwa Ijumaa, saa sita mchana.

Jumatatu hakusubiri hata mashine zipate moto. "Kidoti."

"Naam, mama."

"Mkasi ni mimi."

Kidoti alicheka. Akamtazama. Akaacha kucheka. "Bi Pindo, nimekaa pembeni yako miaka mitatu. Umekula karanga zangu."

"Nimezila."

"Ukanifungia."

"Mara mbili. Sikujua ni wewe. Lakini hata angekuwa mtu mwingine, nilikosea." Akamweleza yote: 302, 611, meneja, duara.

Binti yule aliangalia bendeji yake, kisha akaangalia mashine. "Sasa unataka nikusamehe?"

"Hilo baadaye, ukipenda. Sasa nataka ruhusa yako. Nina uwezo wa kufunga na wa kufungua. Kuyaunganisha yote yawe moja, kura zote pamoja, ni meneja peke yake. Nitamwomba. Akikataa, nitayafungua yote sitini na matatu, yajae mlangoni pake. Lakini mawili ni yako, na nimeshakuamulia vya kutosha."

"Ukiyafungua, watakufanya nini?"

"Watanivua usimamizi. Na beji ya nyota."

"Ile ya ndani ya simu?"

"Hiyo hiyo."

"Inalika?"

"Hailiki."

"Basi fungua."

Jumanne mchana, juu ya majora yale yale, alimpigia meneja wa jukwaa. Alikuwa kijana mwenye adabu na sauti laini kama tangazo la redio.

"Shikamoo, Mkasi wetu!"

"Marahaba. Umeusoma ujumbe wangu?"

"Nimeusoma, mama. Ni bahati mbaya tu ya mfumo."

"Mfumo hauna vidole, baba. Tulikuwa mimi na wewe."

Akacheka kidogo, kwa heshima. "Basi tufanye hivi. Andika wazo jipya, fupi, zuri, kama unavyojua wewe. Mimi nitaliweka mbele."

"Litaanza na kura ngapi?"

"Sifuri, kama mawazo yote."

"Na zimebaki siku tatu."

"Kuna orodha nyingine baada ya miezi mitatu, mama."

"Miezi mitatu ni vidole vingapi? Yaunganishe hayo sitini na matatu. Kazi ya nusu saa."

"Mama, nikiyaunganisha yatabeba tarehe zake. Itaonekana tuliambiwa tangu miaka minne iliyopita."

Kijana alijua kwamba ulimi umeteleza.

"Nilimaanisha..."

"Nimekuelewa ulivyomaanisha."

"Lakini ni jambo moja tu, mama! Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kwamba marudio yanachafua jukwaa."

"Nilifundisha, na leo nakataa nilichofundisha. Sikiliza. Mimi nashona kola mia mbili kwa siku. Zote zinafanana, mama yangu mzazi hawezi kuzitofautisha. Lakini kila kola ina shingo yake. Huwezi kuchukua moja ukatangaza kwamba mia mbili zimefika."

"Tafadhali usifanye jambo kwa hasira."

"Hasira ilikuwa Jumamosi. Leo nimetulia kama maji mtungini."

Jumatano, kengele ya chakula ilipolia, hakwenda stoo. Alibaki kwenye kiti chake, simu juu ya mashine, na Kidoti akamsomea namba kutoka kwenye karatasi ya kaki, akiweka alama kwa kile kidole kinene. Walianza na la zamani kabisa. Chini ya kila wazo Bi Pindo alifuta sentensi yake ya zamani, akaandika mpya: "Wazo lako tulilifunga sisi wasimamizi, tukakosea. Nimelifungua. Orodha inafungwa Ijumaa saa sita." Mafundi wengine wakasogea na vyakula vyao mkononi. Siri ya miaka mitano iliisha kwa dakika mbili.

"Kumbe Mkasi tunaye humu humu!" fundi wa mashine ya tano alishangaa. "Na mimi alinifungia wazo la taa!"

"La taa lilikuwa marudio kweli," Bi Pindo alisema bila kuinua kichwa. "Lakini nitalisoma tena. Kidoti, namba."

Kila lililofunguliwa liliruka mbele ya jukwaa. Wakati wa mapumziko ya saa tisa ukurasa mzima wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, ulikuwa pedeli, pedeli, pedeli. Simu yake ikaanza kulia. Meneja. Akaiacha ilie, akaendelea. Hamsini na tano. Hamsini na nane. Sitini na moja.

Alipobonyeza la sitini na mbili, simu ilimjibu: "Huna ruhusa ya kufanya hivi." Akajaribu tena. Jina la Mkasi lilikuwa limebaki, lakini nyota ilikuwa imetoweka. Mawili yaliyobaki yalikuwa ya mwisho kuandikwa. Yalikuwa ya Kidoti.

Bi Pindo akaushusha mkono. "Nimekufungia mara ya tatu, mwanangu."

"Aa wapi," Kidoti akasema. Akachukua simu yake. "Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimi changu ni kibovu, lakini kuandika kinaandika." Akaandika wazo la tatu, akapiga picha bendeji yake mbele ya sindano, akaiweka. "Sasa yako sitini na manne. Nani humu hajapiga kura?"

Siku mbili zile hakuna aliyewahi kuona jukwaa likiwa hivyo. Kila fundi aliyekuwa amefungwa mdomo alipata taarifa kwamba wazo lake liko wazi, na walirudi: wa mwaka jana, wa miaka mitatu nyuma, mmoja aliyekwisha kuacha ushonaji akaanza kuuza viatu. Yule wa 302, asiyejua nukta, alirudi na sentensi nyingine ndefu vile vile, akimshukuru Mungu na kumlaani Mkasi humo humo. Meneja akaanza kuyafunga upya, moja moja. Lakini kila alipofunga ilimbidi aonyeshe wapi watu watazame, na wenyewe sasa walikuwa macho. "Nitazame namba ngapi safari hii, kaka," mmoja aliuliza, "au nizunguke tu?" Watu mia mbili wakaweka alama ya kicheko chini yake.

Alhamisi saa kumi na moja jioni meneja alinyoosha mikono. Akayaunganisha yote, pamoja na yale mawili ya Kidoti yaliyokuwa bado yamefungwa, chini ya namba 302, pamoja na tarehe zake zote za miaka minne. Kura mia sita na kumi na mbili. Ijumaa saa sita mchana, orodha ilipotoka, la kwanza kabisa lilikuwa sentensi ile isiyo na nukta.

Jibu la wahandisi lilikuja baada ya wiki tatu. Bi Pindo alilisoma kwa sauti, amesimama kati ya meza za kukatia, na mashine zote zilikuwa zimenyamaza. Kampuni ilikubali. Kuanzia sasa, kila mashine mpya itakayotoka kiwandani itakuwa na kikato: mguu wa kubania ukiinuliwa, mota inakufa. Watu wakapiga makofi. Bi Pindo akainua mkono, hajamaliza. "Watumiaji wa mashine za zamani wanashauriwa kuwa waangalifu."

Makofi yakafifia. Mashine ishirini na mbili za karakana ile, hakuna iliyokuwa na umri chini ya miaka kumi.

"Waangalifu," Kidoti akarudia. Bendeji ilikuwa imeshatoka. Ukucha ulikuwa unaota upya, umepinda. "Kwani nilikuwa nacheza?"

Bi Pindo akakunja miwani, akaikunjua. "Toeni simu."

"Tuandike nini?"

"Kikato kifungwe na kwenye mashine za zamani. Kila mtu aandike mwenyewe, kwa maneno yake, ataje mashine yake na kilichowahi kumpata. Msinakiliane."

"Si watasema tunarudia?" fundi wa mashine ya tano aliuliza.

"Waseme."

Wakaandika. Wengine kwa haraka, wengine kwa kidole kimoja, ndimi nje kama wanaotunga uzi kwenye sindano. Bi Pindo naye akakaa kwenye kiti chake cha miaka kumi na tisa, na hapo ndipo alipogundua kwamba yeye, aliyefunga mamia ya mawazo, hajawahi kuandika hata moja la kwake. Akaandika: mashine ya tatu kutoka dirishani, sindano mbili mwilini kwa miaka kumi na tisa, moja ya kidole gumba, moja ya kiganja, na zote mbili sikumwambia mtu. Akatuma.

Haikupita dakika simu ikatetemeka. Asante. Wazo hili limeshatolewa. Tazama namba 1297.

Alicheka mpaka ikabidi ashike meza.

"Wamekufunga?" Kidoti aliuliza, akichungulia.

"Kwa maneno yangu mwenyewe. Hata nukta hawakubadilisha."

"Sasa?"

Bi Pindo alivaa miwani, akavuta kiti karibu, unyayo mbali na pedeli, akaanza kuandika tena.